Mkono Mweupe Kwenye Kiangulio

Saa saba mchana ilikuwa saa ya Soumaya. Akitoka shule, awe na njaa asiwe nayo, kwanza avue viatu mlangoni, anawe mikono hadi viwiko, kisha aingie chumba cha mayai nyuma ya duka la shangazi yake, mtaani Asiatique, na ayageuze mayai sitini, moja baada ya jingine. Akimaliza, aweke alama ya vema kwenye kisanduku cha siku hiyo katika daftari lililoning'inia msumarini. Hapo ndipo angeweza kuuliza kama kuna chakula.

Chumba chenyewe, sikufichi, hakikuwa mahali pa kupendeza. Dirisha lake moja lilizibwa kwa kadibodi ili upepo wa ziwani usiingie, na mlango wake mmoja ulitokea uani, ukifungwa kwa komeo tu. Katikati lilisimama jokofu kuukuu ambalo Fundi Djibril alilitoa matumbo yote, akalifungia balbu mbili nyekundu na kifaa cha kupima na kurekebisha joto, akaweka kioo mlangoni, likawa kiangulio. Jokofu lililozoea kugandisha samaki sasa lilitotoa vifaranga! Balbu zilijiwasha, tik, zikajizima, tik, na kila zilipozimika chumba kizima kilimezwa na giza. Shangazi Mwanasiti hakuruhusu mtu kupaza sauti humo. "Yai lina masikio," alisema, na ukiwa ndani ungemwamini.

Kila yai lilichorwa kwa penseli, upande mmoja mwezi, upande wa pili nyota. Shangazi aliyageuza saa kumi na mbili asubuhi na saa tatu usiku. Mara ya katikati ilikuwa ya Soumaya.

"Mara tatu, si mbili wala nne," Shangazi alimfundisha. "Usiku huu yalale upande wa mwezi, usiku wa kesho upande wa nyota. Kifaranga akilalia ubavu mmoja kila usiku hugandamana na ganda, na huyo hatoki. Umenielewa, binti yangu?"

"Nimeelewa, Shangazi."

Nusu ya mayai hayo yalikuwa ya Mama Daphrose wa Gatumba. Ziwa lilipofurika lilimchukulia banda zima la kuku, wakabaki majike wanne na jogoo mmoja waliorukia juu ya paa. Tangu siku hiyo majike wale walitaga, lakini hakuna hata mmoja aliyekubali kuatamia. Mama Daphrose akapata kibarua cha kufungasha unga wa muhogo katika ghala lililokuwa ng'ambo ya ua, nyuma ya duka. Aliokota yai moja moja, akayaleta thelathini kwa Shangazi ndani ya kikapu chenye majani makavu. "Mama Mwanasiti, hapa ndipo maisha yangu yalipobakia," alisema siku ile, na hakuwa akitania.

Siku ya tano, Nella, rafiki yake Soumaya, alimwita wakafanye mazoezi ya ngoma ya sherehe ya shule. Soumaya akasema dakika kumi tu. Dakika kumi za watoto mnazijua! Alipokumbuka mayai ilikuwa karibu saa kumi. Alikimbia hadi akapoteza kandambili moja, akaingia chumbani akihema, akafungua kiangulio.

Asubuhi Shangazi aliyaacha mayai mwezi ukiwa juu, Soumaya aliuona kwa macho yake kabla ya kwenda shule. Sasa kila yai lilionyesha nyota.

Alisimama akayatazama. Shangazi alikuwa bandarini tangu asubuhi, akisubiri mzigo wake kutoka Kigoma. Duka lilikuwa limefungwa. Nani basi? Soumaya alijiambia labda aliona vibaya, akaweka alama ya vema kwenye kisanduku chake, akatoka. Moyoni alifurahi kwamba kazi ilikuwa imefanyika.

Kesho yake, makusudi, alikwenda tena kwa Nella. Aliporudi, mayai yalikuwa yamegeuzwa. Safari hii aliinama karibu, na kwenye ganda la yai moja akaona alama nyeupe za vidole. Vilikuwa vidole virefu na vyembamba kuliko vyake na kuliko vya Shangazi. Balbu zikazimika, tik. Soumaya hakungoja ziwake. "Audhubillahi!" alisema, akatoka mbio, lakini mlangoni hakusahau kuchora ile alama ya vema.

Hofu ikamtia adabu. Kuanzia siku ya saba alifika kwa wakati. Alisema bismillahi, akageuza haraka haraka huku mgongo ukimsisimka, kisha akaondoka. Siku hiyohiyo, saa tisa, Shangazi alimtuma kuongeza maji kwenye bakuli la kiangulio. Akakifungua. Mayai aliyoyageuza kwa mikono yake mwenyewe yalikuwa yamerudi yalivyokuwa. Na alama nyeupe zilikuwepo, kwenye yai moja, la pili, la tatu.

Ikawa hivyo kila siku. Yeye anageuza, kitu kile kinarudisha. Shangazi mwenyewe hakutazama mwezi wala nyota. Mikono yake ilizoea, ikageuza tu. Na Soumaya hakusema neno. Angeanzaje? Shangazi angeuliza, "Kilianza lini?" Naye angelazimika kutaja siku mbili alizokuwa kwa Nella, na zile alama mbili za uongo kwenye daftari. Alikonda. Chakula kilimshinda, na kila alipofumba macho aliona vidole vyeupe vikipapasa gizani.

Siku ya kumi na nne, Jumamosi, Shangazi aliyapima mayai kwa mwanga. Alizima balbu, akawasha kurunzi ndogo, akaliweka yai la kwanza juu yake. Ndani, katika wekundu, kivuli kilitikisika.

"Huyu mzima," Shangazi alinong'ona.

La pili lilikuwa zima. La tatu halikutikisika. Kivuli kilikuwa kimenata upande mmoja wa ganda, kimya, na mishipa yake imekatika. Shangazi aliligeuza, akaligonga kidogo kwa ukucha, akangoja. Kisha akaliweka pembeni. Alipomaliza, pembeni kulikuwa na mayai kumi na saba. Tisa kati yake yalikuwa ya Mama Daphrose.

"Yamegandamana," alisema Shangazi. Akaliendea daftari, akapitisha kidole kisanduku baada ya kisanduku. "Kugeuzwa yamegeuzwa, kila siku, mara tatu. Basi kosa ni la joto. Mashine hii inapoa bila sisi kujua. Soumaya, nipe simu nimwite Djibril aongeze joto, tusipoteze na haya yaliyobaki."

Soumaya alimpa simu. Alijua vizuri, maana Shangazi alimfundisha mwenyewe, kwamba joto likizidi kidogo tu kwa siku mbili, vifaranga huiva ndani ya maganda kama mayai ya kuchemsha.

Fundi Djibril alifika kabla ya saa saba, bisibisi sikioni kama kalamu. "Salaam aleikum. Mgonjwa wetu yuko wapi?" alisema akitabasamu. Alipiga magoti, akaifikia skrubu ya kifaa cha joto, akaweka ncha ya bisibisi.

"Apana!" Soumaya alipiga kelele, ndani ya chumba kile kisichopigwa kelele. "Usizungushe! Joto halina kosa! Mimi ndiye... daftari ni la uongo!"

Djibril aliondoa mkono. Shangazi alivua miwani yake polepole. Soumaya akayatoa yote, akilia: ngoma kwa Nella, alama mbili, vidole vyeupe, na kitu kinachoyarudisha mayai kila anapoyageuza. Alingojea kofi. Hakuna kofi lililokuja.

"Saa ngapi sasa?" Shangazi aliuliza.

"Inakaribia saa saba," alijibu Djibril.

"Geuza mayai, Soumaya, kama kila siku. Halafu tukae hapa tumwone huyo jini wako. Fundi, nawe kaa."

"Mi niliitwa kwa joto, si kwa majini," Djibril alinung'unika, lakini alikaa.

Wakajibanza nyuma ya magunia, kimya. Balbu ziliwaka, zikazimika. Huko bandarini meli ilipiga honi. Soumaya alishika kanga ya shangazi yake kwa mikono miwili. Muda ulipita, kisha komeo la mlango wa uani likainuliwa taratibu. Nyayo tupu zikagusa sakafu. Kiangulio kikafunguliwa, na balbu zilipowaka, mkono ukaonekana katika mwanga mwekundu, mweupe pe, mrefu, ukielekea kwenye yai la kwanza.

Djibril alikuwa ameanza kusoma dua. Shangazi akawasha kurunzi.

"Daphrose?"

Mama Daphrose alishtuka hadi akakaa chini. Mikono yake, mpaka viwikoni, ilijaa unga wa muhogo.

"Mama Mwanasiti, unisamehe," alisema. "Mi nakujaka saa ya mapumziko kusikiliza mayai yangu tu. Siku moja nikaona saa saba inapita, mutoto hakuje, nikageuza. Kesho yake tena hakuje. Nikasema, basi kila siku ntageuza mi mwenyewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungemupiga. Na mi ni mugeni hapa, nimushitaki mutoto wa nyumba? Nikanyamaza."

Shangazi alifumba macho. Sasa yote yalieleweka. Tangu siku ya saba Soumaya aligeuza, Daphrose, asiyejua kwamba mtoto amerudi kazini, akaja nyuma yake akageuza tena, na mayai yakalala ubavu uleule kila usiku. Mikono miwili yenye nia njema ilikuwa imeua vifaranga kumi na saba, kwa sababu kila mmoja alifanya kwa siri.

Soumaya alimpigia magoti Mama Daphrose. "Nisamehe, Mama. Tisa yalikuwa yako." Mama Daphrose aliyatazama mayai yaliyowekwa pembeni, machozi yakachora mistari kwenye unga uliokuwa mashavuni. Kisha akamwinua mtoto kwa mikono yake ileile myeupe.

Mayai yaliyobaki yaligeuzwa vema hadi siku ya kumi na nane, ndipo yakaachwa yatulie kama inavyopasa. Siku ya ishirini Soumaya aliweka sikio kwenye kioo cha kiangulio. Ndani ya giza, ndani ya maganda ambayo hayakuwa na ufa hata mmoja, sauti ndogo zilikuwa zikiitana. Nywele zilimsimama, lakini hakukimbia. Alimwita Mama Daphrose, wakasikiliza wote wawili. Kesho yake, kati ya mayai ishirini na moja yaliyombakia, Mama Daphrose alipata vifaranga kumi na tisa, na Shangazi akamwongezea tisa kati ya wale wa kwake.

Soumaya alitaka kuzifuta zile alama mbili za uongo. Shangazi alimzuia.

"Ziache. Ukitaka, zizungushie duara. Sikiliza, binti yangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kisanduku kitupu hakinitishi, maana nikikiona nitajua pa kutibu. Kilichojazwa uongo ndicho kilichotaka kuufanya mkono wangu uue vifaranga walio hai. Ukikosea, niachie kitupu."

Mwezi uliofuata mayai mapya yaliingia. Siku moja mvua ilimzuia Soumaya shuleni, akafika saa tisa. Alisimama mbele ya daftari, penseli mkononi. Kisha akairudisha penseli mahali pake, akaenda dukani.

"Shangazi, kisanduku cha leo ni kitupu."

Shangazi aliendelea kupima mchele wa mteja. "Nimesikia," alisema. "Nenda ukayageuze sasa, kisha uje ule."