Uula na Miezi ya Giza

Saa nne asubuhi nje palikuwa bado giza. Biret alichochea jiko la kuni, akateleka birika la kahawa. Mumewe, Uula, alikuwa amekaa mezani na koti mwilini. Alilivaa tangu saa mbili, lakini mlango hakuufungua.

Kijiji chao kiko kaskazini kabisa mwa Ufini. Mwishoni mwa Novemba jua huzama, na halionekani tena mpaka katikati ya Januari. Saa sita mchana huja mwanga kidogo wa rangi ya buluu, kisha huondoka. Uula alizaliwa hapo. Ana miaka hamsini na miwili, na anafuga kulungu wa nchi za theluji kama baba yake. Giza halikuwa jambo geni kwake. Lakini haya yalikuwa majira ya tatu ya baridi giza likimwingia mwilini, na kila mwaka lilimwingia zaidi.

"Umelala?" Biret aliuliza.

"Kidogo."

"Kidogo gani?"

"Mke wangu, mimina kahawa."

Huko kahawa haikataliwi. Mgeni akiingia, kahawa. Mtu akichoka, kahawa. Uula alikunywa vikombe kumi na viwili kwa siku ili apate nguvu. Moyo ukamwenda mbio. Mchana alifunga mapazia akalala. Usiku akakodoa macho.

Mlango ulifunguliwa. Piera, kaka yake Biret, aliingia na theluji kwenye viatu.

"Shemeji! Zizi liko tayari. Keshokutwa tunatenganisha kulungu wa kila mtu."

"Mguu unaniuma," alisema Uula.

"Wiki jana ulikuwa mgongo. Wiki ijayo tutasikia jino?" Piera alicheka. "Au unamwogopa yule dume mwenye pembe moja?"

Uula hakucheka. Alijua sheria ya zizini. Ndama humfuata mama yake. Mwenye mali humtambua kwa alama ya sikio la mama, humkamata, na humkata alama hiyohiyo sikioni. Ndama asiyekatwa alama huwa mali ya ushirika wa wafugaji, na hupelekwa kuchinjwa. Asiyefika zizini hupoteza ndama wake. Akikosa mara nyingi, hana tena kundi.

Siku ilipofika, Uula alipanda pikipiki yake ya theluji. Katikati ya ziwa lililoganda, kifua kilimbana. Vidole vilikufa ganzi. Pumzi haikushuka. "Ninakufa," aliwaza. Akageuza.

"Mashine imeharibika," alimwambia mkewe.

Ndama wake kumi na mmoja walibaki bila alama. Wakapelekwa kuchinjwa.

Jioni ile Uula alitazama meza, akasema polepole, "Afadhali ningelala nisiamke."

Biret aliganda. Maneno kama hayo aliwahi kuyasikia kwenye meza hiyohiyo. Aliyasema jirani yao Antero. Walimmiminia kahawa, wakabadilisha mazungumzo. Kabla jua halijarudi, walimzika.

Watu wa huko hawatoi nje mambo ya nyumbani. Mtu hujikaza tu. Lakini Biret alishika simu papo hapo, akampigia Helvi, muuguzi wa kijiji.

Helvi hakukawia. Alivua kofia, akaketi. Biret alileta kahawa. Helvi alifunika kikombe kwa kiganja.

"Nipe maji ya moto tu, Biret."

Uula alimkodolea macho. Hakuwahi kuona mgeni akifanya hivyo.

"Uula, nakuuliza waziwazi. Umefikiria kujiua?"

Kuni zililia jikoni.

"Nimefikiria. Sijapanga kitu."

"Umefanya vizuri kuniambia. Bunduki zako ziondoke humu leo hii, azichukue Piera. Wewe usiachwe peke yako. Sasa hivi tunakwenda kwa daktari."

"Kwa hiyo mimi ni mwendawazimu?"

"Wewe ni mgonjwa. Macho yako hayapati mwanga, mwili haujui saa ya kuamka wala ya kulala. Asiyelala huzidiwa na hofu. Halafu unamwaga vikombe kumi na viwili vya kahawa juu ya moyo wenye hofu! Ulitegemea nini?"

"Baba alikunywa hivyohivyo."

"Alikunywa. Na kila Desemba alikuja kwangu akitetemeka. Yeye mwenyewe aliniomba nikuambie siku ikifika."

Uula aliinamisha kichwa. Biret aliona machozi ya mumewe kwa mara ya kwanza.

Piera alikuja kuchukua bunduki. Siku hiyo hakutania.

"Nilidhani unatukwepa, shemeji."

"Nilikuwa nawakwepa."

Daktari alipima moyo. Ulikuwa mzima. Alichunguza macho pia, kisha akampa Uula taa maalumu yenye mwanga mkali.

"Kila asubuhi, mara uamkapo, kaa mbele yake nusu saa. Usiikazie macho. Mwakani anza Septemba, usisubiri giza."

Kahawa Uula aliipunguza kikombe kimoja kimoja, maana kuacha ghafla huumiza kichwa. Baada ya saa sita mchana hakunywa tena. Pombe hakugusa. Mchana hakulala. Ule mwanga mdogo ulipokuja, Biret alimtoa nje wakatembea, hata upepo ulipowachoma nyuso. Kila wiki Uula alizungumza kwa simu na mshauri aliyetafutiwa na daktari. Mshauri alimfundisha kutoa pumzi polepole hofu inapopanda.

Wiki ya kwanza hakuona nafuu. Alitaka kuitupa taa kwenye theluji. Wiki ya tatu alilala saa sita mfululizo.

Januari kundi la mwisho liliingizwa zizini. Uula alikwenda. Kulungu walizunguka, kwato zikivuma, na hofu ikampanda tena kifuani. Alishika nguzo. Akatoa pumzi, taratibu. Tena. Hofu haikuisha, ila ilishuka.

"Uko sawa?" Piera alipiga kelele.

"Hapana! Nisubiri kidogo!"

Wanaume waligeuka. Huko hakuna aliyewahi kujibu hivyo mbele ya watu. Mzee mmoja alisogea, akasimama karibu naye.

Piera alimkamata ndama mweupe, akambana magotini.

"Huyu wa nani?"

Uula aliachia nguzo. Akamtazama mama wa ndama, akaona sikioni alama ya kundi lake.

"Wangu," alisema, akachomoa kisu.