Mjapani Aliyechangamka

Kilichoanza ni salamu tu.

Tetsuro, Mjapani aliyepanga chumba cha uani kwa Bi Zuhura pale Bellevue, Johannesburg, hakuwa mtu wa salamu. Alicheza mpira wa kikapu wa kulipwa katika klabu ya jijini, mrefu hata mlangoni anainama, ila haya zake zilimzidi urefu. Wenye kamera aliwakimbia. Akitoka mazoezini husema "asante" kwa lolote, akajifungia. Bi Zuhura, mtu wa Tanga aliyechoshwa na wapangaji wa kelele, alimpenda kwa hilo.

Asubuhi hiyo Clémentine, msusi wa Uvira, Kongo, aliyepanga chumba cha mbele, aliingia jikoni amejikumbatia.

"Mama, ule Mujapani amenisalimia," alinong'ona. "Na Kiswahili ya kwetu. Ameniita jina ile baba tu alikuwa ananiita. Na baba alishakufa."

Chapati iliungua, Bi Zuhura anaitazama. Alijua kosa ni lake. Juzi magharibi mwandishi wa habari alikuja getini kumuulizia Mjapani, naye, ili kumsitiri mtoto wa watu, akajibu kwa sauti ya kufika barabarani: "Chumba cha uani hakina mtu. Kitupu." Mtu mzima, mwana wa Tanga, anatangaza chumba kitupu saa ya magharibi. Kwani wanaotafuta makazi Johannesburg ni binadamu peke yao?

Jioni harufu ya udi ilitoka uani, na nyumba nzima hakuna aliyefukiza, kisha mpira ukaanza kudunda mle chumbani, taratibu, ukidunda kama mtu anayepiga hodi kutoka ndani, na nyuma ya mdundo ikasikika sauti ndogo ya Tetsuro ikisema asante, asante, asante, vile mtu anavyomsihi mwizi, mpaka koo hilohilo likacheka kicheko kinene kisicho chake.

Maalim Jumbe, mtoa majini, akaitwa kutoka mtaa wa Troyeville. Mlango alifungua Tetsuro mwenyewe.

"Karibuni, karibuni ndani," alisema kwa lafudhi ya Tanga.

Maalim alisoma. Jasho likamtoka Mjapani, mabega yakamlegea, na kwa kitambo macho yakawa yale ya zamani, yakiangalia chini kwa haya. Bi Zuhura akalia.

"Ndiye huyo, Maalim. Mshike."

"Jina la mama yake, upesi. Bila jina la mama simwiti akarudi."

Bi Zuhura hakulijua. Alimpigia kocha, kocha naye hakulijua. Kijana hakuwahi kumwambia mtu habari za kwao, na wote walikuwa wakimsifu kwa usiri huo. Maalim alisoma huku sauti ikimkauka. Macho yale yakainuka polepole, hayana haya tena.

"Mama yangu mnamtafutia mbali," alisema aliyekuwa ndani. "Ni Zuhura. Si ndiye aliyenipa chumba?"

Maalim alikunja mkeka wake, hakumtazama mtu.

Jumamosi Mjapani alifunga vikapu kuliko wenzake wote, akazisogelea kamera mwenyewe, akachekesha ukumbi mzima. Bi Zuhura alimtazama kwenye televisheni, moyo umejaa nyongo. Huko Japani, mwanamke asiyejulikana jina huenda naye alikuwa akitazama, akimshukuru Mungu kwamba mwanawe hatimaye amechangamka.