Mjusi wa Tone

Jumatano, saa kumi na mbili na robo jioni, niliingia dukani kwa muuza wanyama kumuuliza kwa nini mjusi wetu hali.

"Hajala tangu mumchukue?"

"Hajagusa kitu."

Alicheka. "Dada, huyu bado mtoto. Kahamishwa nyumba, hajui yuko wapi. Nawe najua unamkodolea macho. Ukimkodolea hivyo, anajiona yeye ndiye kitoweo."

Akanielekeza. Taa ya joto iwe upande mmoja. Nyenje wa kumlisha asizidi nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi. Sanduku la kioo nilifunike kwa kitambaa chenye harufu ya nyumbani, kisha niondoke, nimwache.

Sikumwambia kilichonitia haraka. Mjusi aliombwa na mdogo wangu, tuliyemwita Tone, akiwa kitandani na lile koo lake lisilopitisha hata uji. Mjusi alifika tukiwa tumeshamzika Tone. Tangu hapo mama hakubanduka mbele ya kioo, na kila nilipompelekea sahani jibu lilikuwa moja: "Akila yeye, nami nitakula." Pete ilikuwa imeanza kumvuka kidoleni.

Nyumbani nilimkuta mama amesinzia kitini. Nikawasha taa ya joto, nikachagua nyenje mdogo kuliko wote, nikamtumbukiza. Kitambaa nilichochukua ni foronya ya Tone, ile ambayo mama alikataa isifuliwe. Niliona hakuna kitu chenye harufu ya nyumbani zaidi ya hicho.

Nikafunika. Nikazima taa ya chumba, nikajibanza mlangoni.

Kimya.

Kisha... kwaru. Kwaru. Kucha juu ya kioo.

Nikachungulia. Foronya ilikuwa ikituna na kunywea, taratibu, kama vile mtu ameilalia anapumua. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Ikanijia harufu ya dawa ya koo, ile tamu ya kuchefua, niliyokuwa nikimpimia Tone kwa kijiko. Chupa yake niliitupa kwa mkono wangu.

Nikasogea. Nikainua ncha ya foronya.

Nyenje alikuwa palepale, mzima. Mjusi hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Dada... onja wewe kwanza."

Sauti nyembamba, ya mtu anayemeza kwa shida. Kinywa cha mjusi hakikusogea.

Hivyo ndivyo Tone alivyokuwa siku zake za mwisho. Hakupokea kijiko mpaka nionje, nimeze, kisha nipanue kinywa aone kweli nimemeza.

"Tone?" nilinong'ona.

"Onja, dada. Nina njaa."

Kiti cha mama kikalia nyuma yangu. "Mwanangu... amekula?"

Niligeuka. Alikuwa ameegemea mkono wa kiti, hana nguvu hata ya kuinua kichwa. Pete haikuwapo kidoleni. Ilikuwa sakafuni.

Nikafungua kifuniko cha sanduku. Nikamshika yule nyenje.

Alinipigapiga miguu juu ya ulimi.

Nikameza. Nikapanua kinywa mbele ya kioo.

Kisha nikatumbukiza nyenje mwingine. Mjusi alimrukia papo hapo. Nikasikia taya zikisaga.

"Amekula, mama."

Mama alilia sana. Alipotulia aliomba uji, akanywa kikombe kizima, akaniomba nimwongezee. Aliniuliza mbona sili. Nikamwambia nimeshiba.

Asubuhi nilikuwa dukani kabla mlango haujafunguliwa.

"Kala?" muuza wanyama aliuliza, funguo mkononi.

"Kala."

"Si nilikwambia! Sasa mchukulie hawa wanene, anenepe upesi."

"Hapana. Nipe wadogo. Nipe wengi."

"Kwa mjusi mmoja, dada?"

Nilijaribu kumeza mate. Koo lilikuwa limeanza kunibana tangu alfajiri.

"Wadogo," nikamwambia. "Wakubwa hawapiti."