Moto Kisiwani Santa Fe

Injini ilikata kauli saa tatu asubuhi. Kabla Eudoro hajafungua hata kifuniko chake, wimbi lilishalibeba boti lao la faiba na kulibwaga juu ya mawe ya Santa Fe, kisiwa kisichokaliwa na watu. Eudoro akaruka majini kulizuia lisizidi kupondeka, na jiwe likamchana paja mpaka mfupa ukaonekana.

Dada yake, Betsabé, alimburuta hadi mchangani, akalifunga jeraha kwa fulana. Redio ilikuwa imelowa. Maji yalikuwa lita mbili tu, nayo yaliisha siku ile ile.

"Wifi ulimwambia tunakwenda wapi?"

"Nilimwambia kisiwa cha Floreana."

"Floreana! Kaka, hata mkeo unamficha?"

"Mvuvi akitaja anakovua, kesho anakuta boti kumi. Hujui wewe?"

Alijua sana. Baba yao naye alidanganya hivyo hivyo maisha yake yote. Sasa watu wa bandarini wangewatafuta upande mwingine kabisa wa bahari.

Siku ya pili waliokolewa na iguana, wale mijusi wakubwa weupe-weupe wasiopatikana kisiwa kingine chochote duniani. Betsabé alimwona mmoja chini ya mpungate, mti wa miiba wenye mapande manene ya maji, akikwangua miiba ya pande lililoanguka, kisha akitafuna huku maji yakimtiririka tayani. Naye akakata lake, akalimenya, akamkamulia kaka yake mdomoni. Yalikuwa machungu na yananata, lakini yalikuwa maji.

Siku ya tatu mguu ulivimba, ukaanza kunuka. Eudoro alitetemeka kwa homa.

"Washa kilima," alisema. "Miti yote imekauka. Moshi wataona hata bandarini Santa Cruz."

Betsabé alitazama juu. Iguana walikuwa wamelala chini ya miti isiyo na jani, macho nusu wazi, wala hawakujali kuwapo kwake.

"Wataungua."

"Mijusi hiyo! Na mimi je?"

"Hawana kwingine, kaka. Ndio hawa tu."

Akaliendea dumu la petroli, akageukia ufukweni. Eudoro akaelewa.

"Boti usiguse! Ufa ule unazibika! Baba katuachia hilo tu, mwendawazimu wewe!"

Utotoni Betsabé alijifunza kutembea ndani ya boti lile. Alilia huku akimimina petroli, akawasha. Faiba ikashika, moshi mweusi mzito ukapanda, na Eudoro akamtukana mpaka sauti ikamkauka.

Alasiri walinzi wa hifadhi ya visiwa, waliouona moshi, wakafika na boti lao. Walimpakia Eudoro kwenye machela, wakaondoka mbio. Betsabé alikaa kando yake akisubiri matusi mengine, akiona anayastahili.

"Mimi ningewasha kilima," Eudoro alisema.

"Najua."

"Ningewasha, Betsabé. Ningewaunguza wote wale."

Alikuwa analia. Betsabé akamshika mkono, na hakuuachia mpaka bandarini.