Sanduku Lililopiga Mluzi

Jumamosi, tarehe sita Juni 1992, asubuhi, Pudentienne alifungua mlango wa chumba cha utafiti huko kilimani Rebero, akasimama kizingitini. Kufuli lilikuwa zima na dirisha limefungwa. Lakini meza iliyo chini ya dirisha ilikuwa tupu. Mashine ya kupimia usikivu, kisanduku cha bluu chenye spika ndogo na visikilizio vyake, haikuwapo.

Alitafuta chini ya meza, nyuma ya mizani, hata katikati ya ngoma zilizoegemezwa ukutani. Ngoma hizo hazikuwa za utafiti. Zilikuwa za kikundi cha ngoma na nyimbo cha Mama Mukabalisa, kilichofanya mazoezi uani, nazo zililala humo kwa sababu umande hulegeza ngozi.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa Daktari Kabera, mwalimu wa chuo kikuu. Alitaka kujua kazi ya sanaa inaufanyia nini mwili wa mtu anayeitegemea kwa chakula. Waimbaji walikwisha kupimwa makoo na wachezaji magoti. Jumatatu ilikuwa siku ya wapiga ngoma na masikio yao, na Pudentienne, muuguzi wake, ndiye angewapima.

"Funguo ziko mbili," alisema Sajini Nahimana wa jandarma, jeshi la polisi, alipofika saa tatu. "Moja unayo wewe. Nyingine?"

"Kubwimana, zamu wetu."

Sajini alimtazama mlinzi huyo, mzee mwembamba aliyekuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mashine ina betri?"

"Ndiyo," alisema Daktari Kabera.

"Ina visikilizio? Ina vitufe vya kuzungusha?"

"Ndiyo, lakini ni ya masikio, Sajini. Si redio."

"Dogiteri, kaskazini kuna vita. Mtu akichukua kitu cha betri, visikilizio na vitufe, mimi siwazi masikio." Alimshika Kubwimana mkono. "Jumatatu asubuhi gari linapeleka watu gereza kubwa. Mashine ikionekana kabla, tutaongea. Isipoonekana, mzee huyu ataongea na wakubwa."

Pudentienne alifungua mdomo, akaufunga. Kila alipotaka kusema mbele ya watu wengi, maneno yalimkwama. Alipoyapata, gari lilikuwa limeshaondoka.

Mchana alimpelekea Kubwimana chakula kasho, mahabusu ya jandarma. Mke wa Kubwimana alikuwa amepiga magoti vumbini mbele ya lango, na hakuna jandarma aliyemwambia ainuke. Pudentienne aliruhusiwa dakika chache.

"Mzee wangu, nieleze jana jioni. Mimi niliondoka saa kumi na moja."

"Uliondoka, mwanangu, mimi nikafunga. Mazoezi ikaisha karibu na saa kumi na mbili. Nikafungua, wapiga ngoma wakaingiza ngoma. Mimi nikarudi kwa geti, redio yangu ilikuwa inasoma habari. Wakamaliza, nikafunga. Sikutazama meza."

"Kuna aliyetoka na kitu? Mfuko? Kikapu?"

"Hakuna. Hakuna mtu alitoka na kitu. Naapa kwa Mungu."

"Hukusikia chochote?"

"Chenene tu, wale wadudu, wanalia chini ya ukuta." Akasita. "Ila Arnaud alikuja mchana. Alimtukana Dogiteri. Alisema atachoma vyombo vyake vyote."

Arnaud alikuwa mwimbaji wa kikundi, mzaliwa wa Uvira, na Jumatano Daktari Kabera alikuwa amemwambia mbele ya wenzake kwamba koo lake limeota vinundu, asiimbe kwa miezi mitatu. Pudentienne alimkuta kwa kinyozi, karibu na soko la Kicukiro, povu shavuni.

"Dada Pude! Umekuja kunifunga?" Sauti yake ilikwaruza kama mlango mbovu. "Funga basi. Jela angalau hawaniombi kuimba."

"Ulisema utachoma vyombo."

"Nilisema. Hata kesho nitasema. Mtu anakutazama kooni kwa kioo, halafu anatangaza kama ni mnada wa mbuzi! Mama Mukabalisa amenitoa kwenye safari ya Ulaya hapo hapo. Pesa ipo ya kununulia ishakwe ngozi mpya, wiki hii hii, lakini ya asali ya koo langu haipo."

Ishakwe ni ngoma ndogo kuliko zote, yenye sauti kali; ndiyo huziongoza nyingine.

"Jana saa kumi na mbili ulikuwa wapi?"

"Kanombe, kwenye harusi. Nilikaa kimya, nikala. Muulize huyu, tulikula sahani moja."

Kinyozi alikubali kwa kichwa. Arnaud akafuta povu, akaacha mzaha.

"Fikiri kidogo, dada. Mimi ningeiba mashine ya masikio ya nini? Ningeiba kile kioo chake."

Maneno hayo yalimfuata Pudentienne alipopanda kilima kurudi. Mwizi aliacha mizani. Aliacha kioo cha koo, na saa ya Daktari iliyokuwa kwenye droo ya juu. Alichukua mashine ya masikio peke yake, siku chache kabla ya wapiga ngoma kupimwa. Huyo hakutafuta mali. Alitaka kipimo kisifanyike.

Pale njia inapoteremka kuelekea bondeni, Illuminée alikuwa ameketi nyuma ya mafungu yake ya viazi vitamu.

"Mama Illuminée, jana jioni ulikuwa hapa?"

"Niende wapi? Nilikuwa hapa, na nilisikia maajabu." Alivuta pumzi kwa raha ya mtu ambaye hakuna aliyemuuliza mapema. "Mbu mkubwa kama mbuzi! Ngiiii! Ikatoka juu, ikapita hapa, ikashuka bondeni. Masikio yangu yakauma."

"Ilipita na mtu?"

"Mtu alipita na mzigo kichwani. Giza lilikuwa linaingia, sikumwona uso. Nikamwambia, 'Wewe, nini inalia hivyo?' Hakujibu. Akaenda tu polepole kama padri. Watu wa siku hizi wana kiburi."

Pudentienne alikaa juu ya gunia tupu bila kuombwa.

"Nini, mwanangu? Unaumwa?"

"Hapana, mama. Nakumbuka kitu."

Ijumaa, kabla ya kuondoka, alikuwa amejaribu betri kwa ajili ya Jumatatu. Alifanya hivyo kwa sauti ya juu kabisa, ile nyembamba, kupitia spika, kisha akazima swichi. Kitufe cha sauti alikiacha hapo hapo. Swichi yenyewe ilikuwa nyepesi. Aliyeinyakua mashine kwa haraka angeweza kuiwasha bila kukusudia, nayo ingeanza kupiga mluzi mikononi mwake.

Mwizi gani hubeba kitu kinachopiga kelele katikati ya watu wala asikinyamazishe? Angeizima, au angeitupa vichakani akakimbia. Huyu alitembea polepole. Mwanamke alimsemesha kwa nyuma, hakugeuka.

Hakuwa na kiburi. Hakusikia.

Usiku ule Pudentienne hakulala vizuri. Sasa alijua mwizi ni mtu wa namna gani, lakini wapiga ngoma walikuwa saba, na aliogopa kuwapeleka saba kasho ili kumtoa mmoja. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, alirudi kwa Kubwimana. Mzee alikuwa ameketi juu ya saruji na mguu wake umevimba.

"Mzee wangu, nilikuuliza vibaya. Nani alitoka na ngoma?"

"Ah, ngoma!" Kubwimana alishangaa. "Ngoma si kitu, mwanangu. Ngoma ni ya mwenyewe. Silvère alibaki nyuma ya wenzake, akatoka na ishakwe yake. Alisema ngozi imekufa, anaipeleka Masaka, ng'ambo ya bonde, ibadilishwe."

"Alikuambia hivyo mwenyewe?"

"Mwenyewe. Nikamfungulia geti, chenene wanalia sana, nikamwambia usiku mwema. Kwani ni vibaya?"

Pudentienne aliishika mikono yake kupitia vyuma. Ngozi ya ishakwe ilikuwa ya wiki hiyo hiyo. Na ngoma, ukilegeza kamba zake upande wa chini, ndani yake ni tupu.

Saa tano alifika uani Rebero. Mazoezi yalikuwa yameanza. Silvère alikuwa katikati ya wenzake na ishakwe yake, kijana wa Bujumbura mwenye mabega mapana, miguu mitupu, macho yake hayatoki mikononi mwa Mukabalisa, kiongozi wao. Alipiga vizuri kuliko wote. Daktari Kabera alikuwa kivulini, na Sajini Nahimana, ambaye Pudentienne alimwomba aje, alikuwa ameegemea geti.

Ngoma zikanyamaza. Silvère akainama kujifunga kitambaa kiunoni. Pudentienne alikwenda akasimama nyuma yake.

"Silvère," aliita. Wenzake wawili waligeuka. "Silvère, mashine iko wapi?"

Silvère aliendelea na kitambaa chake, akivuta fundo taratibu. Alipoinua kichwa aliona nyuso zote zimemgeukia, na nyuma yake Pudentienne, machozi yakimlengalenga.

"Umesema nini?" aliuliza.

Pudentienne akaja mbele yake, akarudia polepole. Safari hii aliyatazama macho ya kijana yakifuata midomo yake.

"Sijui mashine yoyote," alisema Silvère.

"Ijumaa ulitoka na ishakwe ukabadilishe ngozi. Ngozi hii ni ya wiki hii. Ni ile ile, hukuibadilisha. Ulilegeza kamba za chini, ukaweka mashine ndani. Imepiga mluzi kutoka hapa hadi bondeni. Mama Illuminée aliisikia. Akakusemesha."

"Imepiga mluzi?" Uso wake ulibadilika, na Pudentienne aliona kwamba ndiyo kwanza anajua. "Imepiga mluzi njia nzima?"

Pudentienne aliitikia kwa kichwa.

"Ndiyo maana," alisema Silvère, kana kwamba anasema peke yake. "Mtoto wa dada yangu, Masaka. Niliingia na ngoma, akaziba masikio, akalia mpaka akalala. Dada akanipigia makelele, anaonyesha ngoma. Nikafikiri wamechoka na mimi." Alikaa chini mavumbini. "Iko ghalani, chini ya ndizi."

Sajini alisogea. Pudentienne akainua mkono, na yeye mwenyewe akashangaa kuona Sajini amesimama.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Miaka miwili. Kwanza nilikosa sauti ya ndege wa mitini. Halafu sauti ya wanawake. Ngoma naisikia kwa miguu, hiyo sijakosa. Lakini nilimwona Arnaud. Dogiteri alisema, Mama akamtoa pale pale. Ndege inaondoka Alhamisi. Nilitaka kipimo kingoje tu mpaka turudi kutoka Ulaya. Sikutaka kuiba."

"Na Kubwimana?"

Silvère aliangalia chini. Pudentienne akamgusa bega ili amtazame, akauliza tena.

"Nilijua jana," alisema. "Nilifikiri watamwachia, yeye ni mzee na ni wa hapa. Mimi ni Mrundi. Mimi nikitokea na kisanduku cha betri na visikilizio, wataniita nani?"

"Kwa hiyo aitwe yeye?" aliuliza Mukabalisa kwa ukali.

Silvère aliyasoma midomoni mwake, akainamisha kichwa.

Daktari Kabera alikuwa amevua miwani yake, akiifuta bila sababu. "Wafadhili waliomba majina ya wenye afya," alisema. "Niliwaahidi. Utafiti bila wafadhili haupo."

"Dogiteri," Pudentienne alisema, na safari hii maneno hayakumkwama, "hawa walitufunulia makoo na magoti kwa sababu tuliwaambia tunataka kujua kazi yao inawaumiza wapi. Hatukuwaambia kwamba atakayeumia ataachwa. Silvère amefanya vibaya sana. Lakini alituogopa sisi kabla ya kuwaogopa majandarma."

Daktari alivaa miwani. "Hakuna jina litakalosomwa," alisema mwishowe. "La Arnaud nitaliondoa kwenye taarifa. Wafadhili nitawaandikia leo."

"Safari yangu naipanga mimi," alisema Mukabalisa. Alimgeukia Silvère. "Arnaud atarudi, hata akikaa tu. Wewe sijui. Sijui kabisa."

Walikwenda Masaka kwa gari la jandarma. Mashine ilikuwa chini ya ndizi, betri zimekufa. Kituoni, Pudentienne alitia betri mpya, akamvisha Sajini visikilizio ili aamini si redio. Sajini alisikiliza, uso umekunjamana.

"Inalia tu," alisema. "Haisemi chochote."

"Haina cha kusema, Sajini."

Akatoa amri Kubwimana afunguliwe. Silvère alibaki ameketi benchini, pingu mikononi, akingoja kuingia kule mzee alikotoka. Malalamiko ya Daktari yangeweza kufutwa kesho, lakini usiku huu ungekuwa wake.

Kubwimana alitoka akichechemea, mkewe amemshika kiwiko. Alipofika usawa wa benchi akasimama.

"Mke wangu alipiga magoti nje ya lango hili," alisema.

Silvère hakuinua kichwa. Kubwimana alimtazama Pudentienne, naye akagusa sikio lake. Mzee akaelewa. Aliuachia mkono wa mkewe, akainama kwa shida kwa sababu ya mguu wake, akamshika kijana kidevu, akamwinua uso mpaka macho yao yakakutana. Kisha akasema tena, neno moja moja.

"Mke wangu. Alipiga magoti. Nje ya lango hili. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Haya," alisema Kubwimana, akaushika tena mkono wa mkewe, wakatoka.