Mgonjwa wa Chumba cha Mwisho

Jumatano, tarehe kumi na mbili Juni, saa tisa na nusu alasiri, mlango wa chumba cha marehemu ulijifungua wenyewe. Komeo lilirudi nyuma taratibu, kama linavutwa na mtu asiyetaka kuamsha wenzake. Mama, aliyekuwa sebuleni mbele ya kompyuta, hakushtuka. Alitabasamu.

Binti yake, aliyekuwa jikoni akiosha vyombo, alipigwa na harufu ya karafuu maiti, ile inayotiwa kwenye sanda.

"Mama, nani kafungua mlango?"

"Nimemkaribisha mdogo wako," Mama alinong'ona. "Usipige kelele, amechoka."

Mdogo mtu, waliyezoea kumwita Kitinda, alikuwa kaburini tangu mvua zilipokatika. Dada yake, binti huyo huyo, ambaye riziki yake ni kuandika programu, alimfundisha Python, lugha ya kuandikia programu, alipokuwa kitandani na maradhi ya kifua, apate cha kufanya. Kitinda naye akamtungia Mama mchezo wa maandishi matupu. Ukiandika "nenda jikoni", unaambiwa kilichopo jikoni. Nyumba ya mchezo ilikuwa nyumba yao, na chumba cha mwisho, kile cha Kitinda, kilikuwa na mgonjwa. Mama akimpelekea dawa, mgonjwa huishi. Akichelewa, mgonjwa alipaswa kufa na mlango kufungwa.

"Lakini mimi nachelewa na hafi," Mama alikuwa akisema, akicheka hadi machozi. "Mwanangu mkaidi huyo!"

Baada ya msiba aliendelea kucheza kila alasiri, na hakuna aliyemkataza. Aliyefiwa utamnyima nini?

Ila tangu Jumatano ile Mama alianza kukonda. Sahani yake aliiweka kwenye kizingiti cha chumba cha mwisho, yeye akashinda na maji. Chakula kilibaki chote, lakini ukikionja hakina chumvi wala utamu, kama kilichonyonywa kikaachwa mwili. Magauni yakaanza kumpwaya. Binti aliona kwamba akikaa kimya atazika tena.

Akaifungua programu. Kosa alilikuta upesi, nalo lilikuwa kosa la mwanafunzi. Kabla ya kufungua mlango, kompyuta ilipaswa kuuliza kama mgonjwa yu hai. Kitinda aliandika "if mgonjwa" tu, akaishia hapo, hivyo kompyuta ikawa inauliza kama mgonjwa yupo. Na kwa kompyuta, kitu kikishaundwa kipo. Kiwe hai, kiwe kimekufa, jibu ni ndiyo. Mlango ule haukuwa na siku ya kufungwa.

Alirekebisha ikawa "if mgonjwa.hai", kisha akajaribu: "tazama mgonjwa".

Jibu likaja: Amesimama. Ana njaa.

Akaisoma programu mstari kwa mstari. Maneno hayo hayakuwamo.

Akamwita Mjomba, anayesomea watu dua, naye akafika kabla jua halijapoa. Alichungulia chumbani, akarudi nyuma ameshika pua.

"Huyo si wetu," alisema kwa sauti ya chini. "Amekuta mlango hauna wa kuufunga, akaingia."

"Basi mtoe, Mjomba."

"Kusoma nitasoma. Lakini aliyemkaribisha ndiye amwambie basi."

Binti alielewa. Katika programu, hali ya mgonjwa ilikuwa bado imeandikwa "hai = True", yaani ni kweli yu hai. Kitinda hakuwa ameandika mstari wa kuibadilisha Mama akichelewa.

"Mama, futa hapo. Andika False."

"Niandike kwa kidole changu kwamba mwanangu amekufa?" Mama alimtazama. "Wewe nilikuzaa mimi kweli?"

"Mama, usimsikilize," ilisema sauti ya Kitinda kutoka chumbani. "Njaa."

Mama alisimama. Akaugeukia mlango.

"Mwanangu, kifua bado kinabana?"

"Njaa."

"Nimekuuliza kifua."

"Njaa, Mama. Sogea."

Mama akakaa tena polepole, akaweka kidole kimoja juu ya kibodi, na huku Mjomba akisoma kwa sauti inayopanda, nyayo zikaanza kutoka chumba cha mwisho, nyayo zenye majimaji, zikipita ukutani na sakafuni kwa pamoja, na karafuu maiti ikajaa sebuleni mpaka macho yakawawasha, na kitu baridi kikapumua kwenye kisogo cha Mama kikimwita mama, mama, mama, naye akaandika herufi moja, akalia, akaandika nyingine, hata neno likatimia.

Akabonyeza.

Mgonjwa amefariki. Mlango umefungwa.

Mlango wa chumba ulijibamiza, komeo likaingia. Harufu ikakatika. Sentensi zile mbili aliziandika Kitinda mwenyewe, akiwa kitandani, akijua.

"Umeridhika?" Mama alimuuliza binti yake. "Umeniulia mwanangu mara ya pili."

Siku ile alikula. Alikula akiwa amempa binti yake mgongo, na mpaka leo hula hivyo.

Ewe Mola, mrehemu kijana yule. Mpanulie kaburi lake, mwondolee maumivu ya kifua chake, na umhesabie ugonjwa wake kuwa kafara ya dhambi zake. Amina.