Mkono Uliorudi Nyuma

Duka la vitambaa lilikuwa limefurika watu pale fundi cherehani, gauni la manjano mwilini na jora la kitambaa begani, alipoteleza ngazini. Mkono ukamdaka kiwiko.

"Pole, dada. Mguu wako wa kulia umechoka kumbeba mwenzake."

"Kumbe kazi yako kukagua miguu ya watu?"

"Ndiyo. Nafundisha mazoezi ya pilates, ghorofa ya juu."

Fundi akacheka, akaenda kujiandikisha. Kule mkekani alijifunza kuvuta kitovu ndani, kupumua kwa mbavu, kuinua mgongo polepole, pingili moja baada ya nyingine, na ule uti uliopindwa na cherehani ukaanza kunyooka. Simu nazo zikaanza.

"Umelala, kipenzi?"

"Nimelala chali, mwalimu, kitovu ndani."

Mpaka siku ile ya kusimama kwa mguu mmoja. Darasa zima linatazama. Akayumba, akamnyooshea mpenzi wake mkono. Mwalimu akarudi nyuma hatua moja. Fundi akakaa sakafuni kwa kishindo, na shangazi mmoja mwenye suruali ya zambarau akacheka mpaka akapaliwa.

Hasira zikampanda fundi. Akabeba viatu mkononi, akatoka pekupeku. Simu iliita na kuita. Alipoipokea alikuwa amejiandaa.

"Dukani hunijui, ukanidaka. Leo mimi wako, mbele ya watu, unanikimbia kama nina upele?"

"Dukani ulikuwa unaanguka, mpenzi. Leo ulikuwa bado umesimama. Umetafuta mkono wangu kabla ya kukaza tumbo lako."

"Na mdomo wa kuniambia hayo mapema ulikuwa umemwazima nani?"

"Hapo nimekosa."

"Umekosa sana. Njoo nikupime pindo la ile suruali niliyokushonea, uichukue, tumalizane."

Alikuja kwenye cherehani ya fundi, mpole kama mgeni.

"Panda kwenye kigoda," fundi akasema, pini mdomoni. "Mguu mmoja."

Akapanda. Fundi akapima taratibu, akapima tena. Mwalimu akayumba, akanyoosha mkono. Fundi akarudi nyuma hatua moja, naye mwalimu akatua kwenye lundo la vipande vya vitambaa.

"Tumbo, mpenzi. Umesahau tumbo."

Mwalimu akacheka pale chini, uzi mwekundu ukining'inia sikioni. "Basi nikuoe, tukomoane nyumbani kwetu."

"Inuka kwanza ndiyo uulize. Mwenyewe."

Akainuka, kitovu ndani, akauliza tena. Fundi bado alikuwa amenuna, wala hakuficha; lakini mkono wake ulikuwa umeshanyooka kumshika, na mwalimu hakuwa anayumba hata kidogo.